Umoja Usioogopa Manung'uniko: Kuisoma Matendo ya Mitume kama Hadithi

Matendo ya Mitume ni kati ya vitabu vinavyosikika sana na kusomwa kidogo. Vipande vyake tunavijua: ndimi za moto, kiwete aliyeruka, Stefano akipigwa mawe, Sauli akianguka njiani kuelekea Dameski. Tumevisikia kanisani, kwenye vipindi vya dini shuleni, redioni alfajiri. Ila ni wachache waliokaa nacho kama wanavyokaa na riwaya, wakaanza ukurasa wa kwanza na kuuliza yale ambayo msomaji wa hadithi huuliza. Nani anasema hapa? Nani hasikiki? Kwa nini tukio hili limewekwa jirani na lile?

Leo tufanye hivyo kwa sura sita tu, ya 3 hadi ya 8. Si lazima uwe Mkristo ili tuende pamoja. Hapa hatuhubiri, tunasoma.

Hoja yangu naiweka mezani mapema. Sura hizi husifiwa kwa mambo mawili, ujasiri na umoja, na mara nyingi husomwa kama mfano wa ile methali yetu ya umoja ni nguvu. Mimi naona mwandishi wake ni mjanja kuliko methali hiyo. Anatuonyesha umoja unaookoa na umoja unaoua, na anatuachia kazi ya kuutambua mmoja na mwingine. Kipimo anachotupa ni kimoja: kundi linamfanyia nini mtu anayefungua mdomo?

Kidogo kuhusu mwandishi. Kwa mapokeo anaitwa Luka, ingawa kitabu chenyewe hakitaji jina lake. Matendo ni juzuu ya pili; ya kwanza ni Injili, na zote mbili zimeelekezwa kwa mtu mmoja, Theofilo. Wataalamu wengi wanakadiria kwamba iliandikwa kati ya mwaka 80 na 90. Ukikubali kadirio hilo, basi msomaji wa kwanza alijua jambo ambalo wahusika hawalijui: hekalu lile lenye walinzi na makuhani wakuu, ambako mitume wanakamatwa, lilishateketezwa na Warumi mwaka 70. Kila mara wakubwa wa hekalu wanapotoa vitisho, kuna harufu ya moshi ambayo wao hawaisikii.

Ujasiri wa mdomo

Mambo yanaanza na mtu kiwete anayeomba sadaka kwenye mlango wa hekalu uitwao Mzuri. Petro na Yohana wanamponya, watu wanajaa, Petro anahutubia, na jua linapozama wote wawili wako mahabusu. Nani kawakamata? Makuhani, akida wa hekalu na Masadukayo.

Hapa twende taratibu, maana usomaji wa haraka wa kurasa hizi umeleta balaa katika historia. Huu si ugomvi wa Wayahudi dhidi ya Wakristo. Petro ni Myahudi, Yohana ni Myahudi, aliyeponywa ni Myahudi, na umati unaoshangilia ni Wayahudi. Mitume wenyewe wamekwenda hekaluni saa ya kusali kama watu wengine. Jina "Wakristo" bado halipo. Litatokea sura ya 11, huko Antiokia. Kinachoendelea ni ugomvi wa ndani ya nyumba: kundi dogo lenye madaraka ya hekalu, ambalo halikubali fundisho la ufufuo wa wafu, linawakabili wavuvi wa Galilaya wanaodai kwamba mtu fulani amefufuka. Chuki dhidi ya Wayahudi huko Ulaya ilijilisha kwa karne nyingi kutokana na kutokuiona tofauti hiyo. Na Luka naye hana mikono safi kabisa, kwa sababu kadiri kitabu kinavyosonga ndivyo anavyozidi kusema "Wayahudi" kwa jumla, kana kwamba ni mhusika mmoja. Msomaji wa leo anapaswa kuwa mwangalifu pale ambapo mwandishi analegea.

Asubuhi Petro anasimamishwa mbele ya Baraza, na Luka anawataja waliokaa: Anasi kuhani mkuu, Kayafa, na ukoo wao. Sasa kumbuka juzuu ya kwanza. Usiku ule Yesu alipokamatwa, Petro alikuwa uani, kwenye nyumba ya kuhani mkuu, anaota moto. Kijakazi mmoja akamtazama na kumtambua, naye akakana. Akakana mara tatu, jogoo akawika. Leo mtu yule yule aliyemwogopa kijakazi amesimama mbele ya bwana wa nyumba, na hatikisiki. Luka hasemi lolote kuhusu hilo. Hatukumbushi jogoo wala moto. Anaziweka picha mbili mbali, kila moja kwenye juzuu yake, na kukuacha wewe uziunganishe. Mwandishi mwenye pupa angetumia aya nzima kutuambia jinsi Petro alivyobadilika.

Tukifika kwenye neno lenyewe la ujasiri, Kiswahili chetu kinatuficha kitu. Tafsiri ya Biblia tuliyoizoea, ile ya mwaka 1952, inatumia "ujasiri". Ni neno zuri, lakini ni pana. Anayekabili simba ni jasiri, anayeingia vitani ni jasiri, hata mwizi wa mchana tunamwita jasiri kwa kejeli. Neno la Kigiriki alilotumia Luka ni *parrhesia*, na ndani yake kuna maana ya kusema: kusema yote, kusema wazi, kusema bila kumung'unya. Katika Athene ya zamani lilikuwa neno la siasa, fahari ya raia huru anayeweza kusimama mbele ya wenzake na kutoa lake. Mtumwa hakuwa nayo, wala mgeni.

Ukilijua hilo, tukio zima linabadilika sura. Baraza linashangaa kwamba watu wawili wasio na elimu ya darasani wana kitu ambacho ni mali ya watu wa tabaka la juu. Kinachowakera wakubwa si msuli, ni ulimi. Ndiyo maana adhabu wanayoifikiria si kifo bali ni marufuku: msiseme tena kwa jina hili. Na kuna mtu wa tatu pale ambaye wahubiri wengi humsahau. Yule aliyekuwa kiwete amesimama nao, kimya kabisa. Luka anatuambia alikuwa na umri wa zaidi ya miaka 40. Kwa nini atupe umri? Kwa sababu mji mzima umemwona mlangoni miaka nenda rudi. Huwezi kubishana na miguu ya mtu ambaye kila mmoja anamjua. Baraza linatazama miguu hiyo na kukosa la kusema.

Sala isiyoomba ulinzi

Mitume wanaachiwa na kurudi kwa wenzao. Wanasimulia vitisho walivyopewa, kisha wote wanasali. Jiulize wewe ungeomba nini. Mimi ningeomba ulinzi. Ningeomba wale wazee wa Baraza wapate homa ya ghafla. Hawa hawaombi lolote kati ya hayo. Wanamtajia Mungu vitisho vyenyewe, basi, halafu wanaomba *parrhesia* hiyo hiyo, waendelee kusema. Mahali pale panatikisika.

Kwa macho ya msomaji wa hadithi, hapa ndipo ujasiri unapoacha kuwa sifa ya shujaa mmoja. Mbele ya Baraza tuliuona kwa Petro na Yohana. Sasa kundi zima linauomba na kundi zima linaupata. Hakuna mtu katika sura hizi aliyezaliwa jasiri. Kila anayesimama kidete ametoka kwenye chumba ambamo kuna watu wanaomngojea arudi. Hilo linaeleza vizuri zaidi badiliko la Petro kuliko kusema tu kwamba alipata moyo. Kule uani alikuwa peke yake kati ya wageni. Hapa ana mahali pa kurudi.

Ndani ya sala hiyo mna jambo jingine dogo. Waumini wanatumia Zaburi ya 2, inayozungumzia wafalme na wakuu waliokusanyika pamoja dhidi ya masihi wa Mungu, halafu wanawataja kwa majina: Herode na Pontio Pilato. Kwa maneno mengine, wapinzani nao wana umoja! Luka alishatudokeza katika Injili yake kwamba Herode na Pilato, waliokuwa maadui, walipatana siku ile ile ya kesi ya Yesu. Shika wazo hilo. Tutalirudia tukifika kwa Stefano.

Milango iliyofungwa na mzee mwenye busara

Sura ya 5 ina ucheshi ambao usomaji wa madhabahuni huuzima. Mitume wanatiwa gerezani tena. Usiku malaika anawafungulia. Asubuhi Baraza linakutana kwa heshima zote, linaagiza wafungwa waletwe, na watumishi wanarudi na taarifa ya ajabu: milango imefungwa vizuri, walinzi wapo kazini, ndani hamna mtu. Wakati wakubwa wanakuna vichwa, mtu anaingia na kusema kwamba watu wenu wako hekaluni, wanafundisha. Na askari wanapokwenda kuwachukua, wanawachukua kwa adabu, maana wanaogopa kupigwa mawe na umati. Mwenye rungu anamwogopa asiye na rungu. Luka anacheka, nasi anataka tucheke.

Kisha anasimama Gamalieli, Farisayo, mwalimu wa sheria aliyeheshimiwa na wote. Anashauri mitume waachwe: jambo lao likiwa la wanadamu litakufa lenyewe, likiwa la Mungu hakuna atakayeliweza. Anatoa mifano miwili ya vuguvugu zilizosambaratika, ya Theuda na baada yake ya Yuda Mgalilaya. Wanahistoria wana neno hapa. Yuda aliongoza uasi wakati wa sensa ya mwaka 6, lakini mwanahistoria Myahudi Josephus anamweka Theuda wakati wa liwali Fado, katikati ya miaka ya 40, yaani miaka kadhaa baada ya siku ambayo Gamalieli anazungumza. Wapo wanaojitetea kwa kusema alikuwa Theuda mwingine. Ukiniuliza mimi, naona hotuba hii imepita mikononi mwa mtunzi, kama hotuba nyingi za historia za zama zile, na mtunzi alikuwa na lengo.

Lengo gani? Kumpa sauti ya haki mtu wa upande wa pili. Luka angeweza kulichora Baraza lote kuwa genge la wabaya. Badala yake ametuwekea ndani yake mtu mmoja anayesikiliza kabla ya kuhukumu. Na uchungu wa hadithi ni kwamba baadaye, sura ya 22, tunaambiwa Sauli alilelewa miguuni pa Gamalieli huyu. Mwalimu alishauri subira. Mwanafunzi alikwenda kuburuta watu majumbani.

Safira na saa tatu

Kabla ya hapo, hata hivyo, kuna kisa ambacho hakimwachi msomaji salama. Waumini wanauza mashamba na kuleta fedha kwa ajili ya wenye shida. Yusufu Mlawi wa Kipro, anayeitwa Barnaba, anauza shamba na kuleta yote. Anania na mkewe Safira wanauza kiwanja, wanaficha sehemu ya fedha, wanaleta iliyobaki kana kwamba ni yote. Anania anaanguka na kufa. Baada ya saa kama tatu mkewe anaingia, hajui lililompata mumewe. Petro anamuuliza kuhusu bei. Anajibu kwa kifupi. Petro anamwambia kwamba waliomzika mumewe wako mlangoni. Anakufa naye.

Wengi hulipita tukio hili haraka au huligeuza kuwa hotuba ya zaka. Lakini Petro mwenyewe anasema wazi kwamba kiwanja kilikuwa chao na fedha zilikuwa zao, hakuna aliyewalazimisha. Kosa ni uongo, kusema maneno yaliyo kinyume cha *parrhesia*. Hiyo naielewa. Bado namtazama Safira akiingia mlangoni, mjane asiyejua kuwa ni mjane, na kila aliyemo chumbani anajua isipokuwa yeye. Hakuna hata mmoja anayemwonya. Luka halitolei jambo hilo maelezo. Anasema tu kwamba hofu kuu ililiingia kanisa lote. Na katika maandishi ya Kigiriki yanayofuatwa na wataalamu wengi leo, hapo ndipo neno "kanisa" linapotajwa kwa mara ya kwanza katika kitabu hiki: mara baada ya mazishi mawili, limeshikana mkono na hofu. Baadhi ya tafsiri zina neno hilo mapema zaidi, sura ya 2, katika mazingira ya furaha. Ukisoma kwa mpangilio huu wa pili, unapoteza mshtuko ambao mwandishi alikuwekea.

Wajane wanung'unika

Sasa tunafika kwenye moyo wa jambo. Sura ya 6 inaanza na ugomvi wa chakula. Waumini wenye kusema Kigiriki wanawalalamikia wale wenye kusema Kiebrania kwamba wajane wao wanasahauliwa katika mgawo wa kila siku. Angalia tukio hili limewekwa wapi. Sura mbili mfululizo tumekuwa na upinzani wa nje: vitisho, gereza, viboko. Mitume wametoka tu kupigwa. Watu wana kila sababu ya kusema, jamani, huu si wakati wa kulumbana, adui yuko mlangoni.

Hakuna anayesema hivyo. Na hili ndilo jambo ambalo ningependa kila kiongozi wa kikundi alisome mara mbili. Mitume hawawaambii wajane kwamba wanaleta mgawanyiko. Hawauliti ulalamishi huo kazi ya Masadukayo. Wanaitisha mkutano wa wote, wanakiri kwamba kazi imewazidi, wanasema chagueni watu saba. Kisha yanafuata majina: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timona, Parmena, na Nikolao wa Antiokia. Yote ni majina ya Kigiriki. Ni kweli kwamba Myahudi wa Palestina naye aliweza kuwa na jina la Kigiriki, lakini saba kwa saba haionekani kuwa bahati tu. Inaelekea walalamikaji ndio waliokabidhiwa ufunguo wa ghala.

Weka sasa sura ya 4 na ya 6 pamoja. Mbele ya wenye nguvu, mitume walikataa kunyamazishwa. Mbele ya wanyonge, wakakataa kunyamazisha. Hizo ni pande mbili za ujasiri mmoja, na upande wa pili ndio mgumu zaidi, kwa sababu hakuna atakayekuimbia nyimbo kwa kumsikiliza mjane anayelalamikia mgawo.

Tunajua wote jinsi kisa hiki kinavyogeuzwa siku hizi. Mtu anauliza hesabu za michango, anajibiwa kwamba anapiga vita kazi ya Mungu. Kiongozi anaulizwa swali la kawaida, anasimama na kusema tunapingwa kama walivyopingwa mitume. Si makanisani tu. Vyama, vikundi vya kuweka na kukopa, hata jumuiya za waandishi, zina mtu ambaye kila akibanwa hukimbilia kusema adui anatutaka tugawanyike. Anayesema hivyo ameichukua sura ya 4 na kuichana ya 6. Luka alizitenganisha sauti hizi mbili kwa makusudi: ya Baraza inayosema nyamazeni, na ya wajane inayosema tumesahauliwa. Asiyeweza kuzitofautisha hajakisoma kitabu.

Neno moja, makundi mawili

Mitume waligawa kazi: wao wabaki na neno, wale saba wahudumu mezani. Mpango mzuri. Halafu hadithi inaufanyia mzaha. Hotuba ndefu kuliko zote katika kitabu hiki haitoki kwa Petro, haitoki hata kwa Paulo. Inatoka kwa Stefano, mhudumu wa meza. Sura ya 7 karibu yote ni yake.

Anaposimulia historia ya taifa lake, kuanzia Ibrahimu, Yusufu na Musa, anarudia jambo moja: mara kwa mara mtu aliyetumwa alikataliwa na ndugu zake mwenyewe. Anapowageukia wasikilizaji na kuwaambia nanyi ni vile vile, wanaziba masikio, wanapiga kelele, wanamvamia wote kwa pamoja. Na hapa Luka anatumia neno la Kigiriki ambalo msomaji makini ameshakutana nalo: *homothumadon*, kwa nia moja, kama mtu mmoja. Ndilo alilolitumia waumini walipokuwa wakisali tangu sura ya 1. Ndilo la sala ile ya sura ya 4. Limo mara 10 katika Matendo, na nje ya hapo linapatikana mara moja tu katika Agano Jipya lote, kwenye Waraka kwa Warumi. Ni neno lake, kama fundi mwenye patasi anayoipenda. Na analitumia bila ubaguzi: kwa waliosali, kwa waliomvamia Stefano, na baadaye, sura ya 19, kwa umati wa Efeso unaokimbilia ukumbi wa michezo ukimtetea mungu wao Artemi.

Kwa hiyo umoja peke yake si sifa. Umati wa watu wenye mawe una umoja kuliko kanisa lolote. Hauna mnung'unikaji hata mmoja. Tofauti iko kwenye masikio. Kundi moja lilisikia malalamiko likabadili utaratibu wake. Jingine lilisikia maneno machungu likaziba masikio. Pembeni kijana Sauli analinda mavazi ya wauaji.

Kisha kundi la Yerusalemu linatawanyika. Kitenzi cha Kigiriki anachokitumia Luka kina asili ya kupanda mbegu, kutawanya punje shambani. Waliotawanyika wanafika Samaria, Foinike, Kipro, Antiokia. Umoja wa kukaa chumba kimoja umevunjika, na kazi ndiyo kwanza inaenea. Lakini mwandishi anadondosha maneno yanayoleta maswali: walitawanyika wote isipokuwa mitume. Ilikuwaje viongozi wakabaki salama? Wataalamu wengi wanadhani mateso yaliwalenga zaidi waumini wenye kusema Kigiriki, watu wa Stefano. Ikiwa ni hivyo, ule ufa wa sura ya 6 haukuzibika kabisa. Upande mmoja ulibeba kipigo kuliko mwingine.

Asichokisema Luka

Nimemsifu mwandishi huyu, sasa nimkosoe. Anaonyesha nyufa, ila anachagua zipi. Ugomvi wa Paulo na Barnaba kuhusu Yohana Marko ameuandika bila kupaka sukari. Lakini Paulo, katika Waraka kwa Wagalatia, anasimulia jinsi alivyompinga Petro uso kwa uso huko Antiokia, kwa sababu Petro aliacha kula na watu wa mataifa mengine. Kuhusu hilo Luka yuko kimya. Ufa ule ulipita katikati ya nguzo mbili za kitabu chake, naye akaufunika kwa mkeka.

La pili ni zito zaidi. Wajane walioanzisha yote hawasemi hata neno moja. Wanalalamikiwa, hawalalamiki wenyewe. Safira amepewa jibu moja fupi kisha kifo. Katika kitabu kinachosifu kusema wazi, wanawake wa sura hizi hawana mdomo.

Ukitaka kusikia sauti hiyo, itabidi usubiri zaidi ya karne moja na uje Afrika, Karthago, Tunisia ya leo. Mwaka 203 kundi dogo la wanafunzi wa imani lilihukumiwa kuuawa kwenye uwanja wa michezo kwa kukataa kutoa dhabihu kwa ajili ya wafalme wa Roma. Mmoja wao, Perpetua, mwanamke wa ukoo mzuri mwenye miaka kama 22 na mtoto anayenyonya, aliacha kumbukumbu za gerezani ambazo zimo katika andiko la Kilatini la mateso yao. Wataalamu wengi wanaamini sehemu hiyo ni ya mkono wake. Humo upinzani hauna sura ya Baraza. Una sura ya baba mzee anayemlilia bintiye amhurumie mtoto. Luka hakutupa tukio la aina hiyo. Petro alipingwa na wakubwa asiowapenda. Perpetua anapingwa na mtu anayempenda, na ukurasa wake unauma kwa sababu hiyo.

Pamoja naye yupo Felisita, mtumwa mjamzito, anayeogopa kuachwa nyuma kwa kuwa sheria haikuruhusu mjamzito auawe. Wenzake hawataki kumwacha aje kufa peke yake kati ya wahalifu. Anajifungua gerezani mwezi wa nane, binti, na mwanamke mmoja wa kundi lao anamchukua kumlea. Uwanjani ng'ombe mkali anawaangusha wote wawili. Perpetua anainuka, anamwona Felisita chini, anamwendea na kumpa mkono. Mwungwana na mtumwa wanasimama pamoja. Tukio hilo ni fupi mno, na mimi nitalichukua kabla ya hotuba kumi kuhusu umoja.

Bado nitamrudia Luka, kwa jinsi alivyojua kumaliza. Ukurasa wa mwisho wa Matendo, Paulo yuko Roma katika nyumba ya kupanga, na amekaa hapo miaka miwili. Hukumu yake hatuambiwi. Anapokea kila anayekuja na kufundisha kwa *parrhesia*, neno lile lile la Petro mbele ya Baraza. Kisha neno la mwisho kabisa la kitabu kwa Kigiriki, kielezi kimoja, lenye maana ya bila kizuizi. Ukumbuke tu kwamba anayefundisha bila kizuizi ana mnyororo mkononi, na askari anamlinda.